Shule ya Watoto 6,000: Niliyoongea na Wazazi Wenzangu Kuhusu Brooklyn Tech

Wengi mmeniomba niyaandike yale niliyoongea Jumamosi kwenye ukumbi wetu hapa Bronx, maana nusu ya watu walikuwa jikoni na pilau na nusu nyingine walikuwa wanakimbizana na watoto. Nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza tu pale nilipojisahau nikaanza stori za mashemeji.

Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo. Wakenya mpo? Haya karibuni, na ndugu zetu wa Kongo pale nyuma, jambo sana, sogeeni mbele viti vipo, msikae kama mmekuja msibani.

Mimi si mwalimu, niseme mapema. Natunza wazee majumbani, zamu za usiku, nabeba boksi kama wengi mliopo humu. Ila binti yangu yuko mwaka wa mwisho Brooklyn Technical High School, na tangu aingie pale simu yangu haipumziki, kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba anataka kujua aliingiaje, analipa shilingi ngapi, na wale wanaojua kidogo wananiuliza swali lile aliloniuliza dada mmoja leo asubuhi tukimenya vitunguu swaumu: "Shule ina watoto elfu sita? Mama wee, si atapotea!"

Basi nitaongea juu ya hilo swali, mengine yatafuata.

Kwanza nikutoeni hofu ya pesa. Ile ni shule ya umma. Ada hakuna, hata senti. Chakula cha mchana bure, shule zote za umma za jiji hili ni hivyo tangu 2017. Nauli ya treni na basi mtoto anapewa kadi. Na hakuna mtu pale atakayekuuliza una karatasi au huna karatasi, Mahakama Kuu ya nchi hii ilishaamua tangu 1982 kwamba mtoto hawezi kuzuiwa kusoma shule ya umma kwa sababu ya karatasi. Wanachotaka ni uthibitisho kwamba unakaa ndani ya jiji la New York. Kwa hiyo ninyi mnaokaa Mount Vernon, najua ni hapo tu mtu anavuka barabara, lakini hamumo, na wa Jersey ndio kabisa, samahanini, kaleni pilau.

Sasa shule yenyewe. Iko Brooklyn, mtaa wa Fort Greene, mkabala na bustani ile kubwa. Ukishuka kituo cha treni cha Nevins Street unatembea dakika chache unaliona jengo, na huwezi kulikosea, limekula karibu mtaa mzima, ghorofa zaidi ya kumi, halafu juu ya paa kuna mnara wa redio mrefu ajabu. Mara ya kwanza nilidhani ni hospitali. Ule mnara una historia yake, redio ya jiji inayoitwa WNYE ilianza kurusha matangazo 1938 kutokea humo humo shuleni, yaani watoto walikuwa wanasoma huku redio inarusha juu ya vichwa vyao. Ndani kuna ukumbi wa mikutano wenye viti kama 3,000. Mimi nimetoka Tanga, nimesoma shule ambayo ukumbi ulikuwa mwembe, kwa hiyo siku ya mkutano wa kwanza wa wazazi nilikaa kwenye kiti cha ule ukumbi nikaangalia juu kwenye dari nikasahau kabisa kusikiliza mkuu wa shule anasema nini.

Ilianza 1922, kwenye ghala lililogeuzwa madarasa, ikiwa na wavulana kama 2,400. Aliyeipigania ni mwalimu wa hesabu anaitwa Albert Colston, ndiye akawa mkuu wa kwanza. Yeye alitaka shule ya ufundi ambayo si mwisho wa mtoto kielimu, mnanielewa, kwa sababu dunia nzima hii tabia ipo, mtoto akipelekwa ufundi watu wanamuonea huruma kwamba kichwa kimegoma. Colston alitaka mtoto ashike nyundo mchana na usiku apige hesabu za chuo kikuu. Jengo hili la sasa likafunguliwa 1933, katikati ya ile hali mbaya ya uchumi, na enzi hizo kule juu ghorofani kulikuwa na karakana ya kusubu chuma! Mtoto anachonga umbo la mbao, analifukia kwenye mchanga, analitoa, kisha wanamimina madini yaliyoyeyushwa. Ghorofani, jamani. Walimu wangu wa Ifunda na Moshi Tech mliopo humu mnajua naongea nini. Wasichana hawakuruhusiwa mpaka 1970. Ingekuwa zamani binti yangu angeiona kwa nje tu.

Karakana ile haipo tena, sasa kuna kompyuta na mashine za kuchapa vitu vya plastiki, lakini roho ya ufundi bado ipo. Mwaka wa kwanza, kila mtoto, awe anataka kuwa daktari awe anataka kuwa mwanasheria, anafundishwa kuchora michoro ya kihandisi. Hapa ndipo ilipoanza kesi ya mbuzi.

Nina kibao cha mbuzi cha kukunia nazi nilichotoka nacho Tanga, kimepita forodha mbili kimefungwa kwenye khanga. Binti alipewa kazi achague kitu cha nyumbani, akipime, akichore kwa kompyuta kionekane mbele, juu, na ubavuni. Wenzake walichora vikombe na chaja za simu. Yeye kakaa sakafuni jikoni na kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo, anapima mbuzi milimita kwa milimita, anapima hadi meno ya kile chuma, mimi nasubiri nikune nazi ya wali ananiambia mama ngoja. Saa mbili nzima. Mwishowe akaniita, "mama, mguu mmoja wa nyuma ni mfupi kwa milimita nne." Miaka kumi na tisa nakalia kile kitu kinayumba na mimi najilaumu kwamba ni unene! Mchoro ameubandika kwenye friji mpaka leo, na ule mguu ameuwekea kipande cha plastiki alichokichapa huko huko shuleni. Hakiyumbi tena. Kimepoteza ladha yake kidogo lakini sisemi.

Turudi kwenye hofu ya ukubwa, maana nina jambo langu hapa na nataka mnisikilize vizuri.

Watoto karibu 6,000, gawanya kwa madarasa manne, la tisa mpaka la kumi na mbili, unapata kama 1,500 kila darasa. Sasa chukulia kati yao wachache sana, tuseme wawili katika kila mia, ndio wanataka kusoma habari za ndege na vyombo vya anga. Wawili kwa mia ni watoto 30. Thelathini ni darasa kamili! Unaweza kuajiri mwalimu, unaweza kununua vifaa, unaweza kufungua chumba chao. Lakini peleka hesabu hiyo hiyo kwenye shule ya watoto 400, kila darasa lina watoto 100, wanaotaka ndege ni wawili. Nani atakuajirieni mwalimu wa ndege kwa ajili ya watoto wawili? Wataambiwa someni fizikia ya kawaida mtaona huko mbele.

Ndiyo maana Tech wana fani zaidi ya 15. Wenyewe wanaita meja, kama chuo kikuu vile. Miaka miwili ya kwanza wote wanakula chakula kimoja, wa tatu na wa nne kila mtu na fani yake. Kuna uhandisi wa ndege, uhandisi wa majengo na madaraja, usanifu majengo, roboti na mitambo, programu za kompyuta, mazingira, kemia, fizikia, hesabu tupu kwa wale wenye ugonjwa huo, biolojia, fedha, sheria na jamii, media, na kuna ya mambo ya afya waliyoshirikiana na chuo kikuu cha Long Island kwa watoto wanaoelekea famasia. Binti yangu yuko kwenye roboti na mitambo. Na fani hugawiwi kwa kuomba tu, wanaangalia maksi za miaka miwili ya mwanzo, kwa hiyo ile habari ya "mama mwaka wa kwanza ni wa kuzoea" msiikubali.

Na ukishaingia kwenye fani, ile shule ya elfu sita inaisha. Unabaki na wenzako wale wale, walimu wale wale, karakana ile ile. Binti yangu anajua watu wangapi kwa majina kati ya hao elfu sita? Labda mia mbili. Mtu wa Kariakoo anajua watu wote wa Kariakoo? Anajua mtaa wake, anajua muuza kahawa wake, basi, na hajapotea.

Ninyi mliokuja zamani mnakumbuka miaka ya 2000, wakati wa Meya Bloomberg, jiji lilizifunga shule kubwa nyingi za sekondari, na hapa Bronx ndio walikata sana, jengo moja likagawanywa shule nne tano ndogo, kila ghorofa na mkuu wake. Sitaki kusema walikosea. Zile kubwa nyingine zilikuwa zimeoza, na tafiti zilionyesha watoto walioenda shule ndogo wengi zaidi walimaliza. Mtoto anayehitaji mtu wa kumjua kwa jina kila asubuhi, shule ndogo inamfaa, na kama wako ndiye huyo mpeleke huko, wala usione haya. Ninachosema mimi ni kwamba waliposema kubwa ni mbaya, na sisi wageni tukalibeba hilo neno bila kuuliza. Ukubwa una faida yake. Timu ya roboti ya Tech inaitwa TechKnights, nimewaona wanavyofanya kazi mpaka usiku, kuna watoto wa mitambo, kuna wa programu, kuna wanaotafuta wadhamini, kuna hadi anayepiga picha. Hao wote utawakusanya wapi kwenye shule ya watoto mia nne?

Lakini ukubwa una bei yake na sitaificha. Bei yenyewe ni kwamba mtoto lazima aseme.

Hapa niongee polepole. Sisi tumelea watoto wetu kwa heshima. Mkubwa akiongea mdogo ananyamaza, ukiulizwa na mwalimu unaangalia chini, hujaelewa unajikaza, usije ukaonekana unabishana na mtu mzima. Binti yangu mwaka wa kwanza, somo la hesabu, alipotea wiki ya pili. Hakuelewa. Akanyamaza. Wiki ya tatu akanyamaza. Mtihani ukaja akapata 58. Nilipomuuliza mbona hukumuuliza mwalimu akaniambia, "mama, alikuwa anaongea." Nikajisikia vibaya, nikajiona mimi mwenyewe na kiboko changu cha maneno nyumbani. Kwenye shule ya elfu sita mtoto anayenyamaza haonekani, na wala si kwamba wanamchukia, ni kwamba ana wenzake thelathini na tatu mle chumbani na ishirini wameshanyoosha mikono.

Tukakaa mezani, mimi na yeye, tukaandika imeili kwa mwalimu. Mistari mitatu. Aliiandika mara sita, kila mara ameweka samahani nne nne, nikamwambia punguza samahani, bakisha moja ya heshima. Mwalimu akajibu usiku ule ule, njoo kesho kabla ya kipindi. Akaenda. Maksi zilipanda taratibu, si kimiujiza, 58 ikawa 70, ikawa 81. Leo yeye ndiye anayewaandikia imeili watu wa benki yangu.

Mtaniuliza mbona nasema habari za Tech kama vile mlango uko wazi. Haya, mlango.

Jiji hili lina shule tisa wanazoziita za pekee, kama zile za vipaji maalumu kule kwetu, Ilboru, Kibaha, Tabora, Kilakala. Moja kati ya hizo tisa, LaGuardia, ni ya sanaa, watoto wanaingia kwa kuonyesha kuimba na kucheza na kuchora. Nane zilizobaki unaingia kwa mtihani mmoja unaitwa SHSAT. Ni mtihani tu. Hawaangalii maksi za darasani, hawakuiti usaili, hawaulizi baba ni nani. Sheria ya jimbo tangu 1971 ndiyo iliyoweka hivyo kwa Tech, Stuyvesant na Bronx Science. Unachukua muda wa saa tatu, nusu Kiingereza, nusu hesabu, na tangu 2025 unafanyika kwenye kompyuta. Ukikosea hukatwi maksi, kwa hiyo mwambieni mtoto asiache swali tupu hata moja, hata kama anabahatisha. Mtihani ni bure. Unafanyika darasa la nane, msimu wa majani kudondoka, na mtoto anapanga zile shule kwa jinsi anavyozipenda, ya kwanza, ya pili, halafu kompyuta inaanza na aliyepata maksi za juu kabisa inampa anachotaka, inashuka hivyo hivyo mpaka nafasi zinaisha. Majibu yanatoka machipuko, mwezi wa tatu hivi. Kwa mwaka wanafanya watoto kama 25,000 au zaidi, wanaopata ni kama 4,000. Na Tech kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote, ndiyo inayochukua wengi kuliko zote. Ukubwa tena huo.

Mwanangu wa kwanza, kaka yake huyu binti, hakuufanya huo mtihani. Si kwamba alishindwa, hakuufanya. Alikuwa shule moja ya kati ambayo sitaitaja, na karatasi ya kujiandikisha ilikuja nyumbani, nisiseme haikuja. Niliikuta mwezi wa kwanza chini kabisa kwenye begi lake, imegandana na kipande cha chapati. Nikaisoma nikadhani ni mchango wa safari ya shule, nikaikunja. Miaka mitatu baadaye ndio jirani yangu Mbangladeshi, mama mmoja mpole sana, akaniuliza, huyu binti yako anajiandaa na mtihani gani? Nikamwambia mtihani upi. Alinitazama kwa huruma, nilitamani ardhi ipasuke. Yeye mwanawe alikuwa ameanza tuisheni darasa la sita.

Na huyo kijana wangu msimuonee huruma tafadhali, yuko pale karibu na spika, anatengeneza lifti, ana chama cha wafanyakazi, na mshahara wake unanizidi mara mbili. Ila yeye mwenyewe alisema siku dada yake alipopata barua, "ningependa tu na mimi ningejua ipo." Neno hilo halijanitoka.

Na mtasikia kwenye habari kila mwaka idadi ya watoto weusi wanaopata nafasi, mfano 2023, Stuyvesant walitoa nafasi 762 na watoto weusi wakapata saba. Saba! Watu wanagombana, wengine wanasema mtihani ufutwe, wengine wanasema ukifutwa mnawaonea watoto wa Kichina na wa Kibengali ambao wazazi wao ni maskini kama sisi. Na ni kweli kuhusu umaskini, pale Tech zaidi ya nusu ya watoto wanatoka kwenye nyumba za kipato kidogo. Lakini kumbukeni vilevile kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mtihani wa aina hii hii, weusi na Walatino ndio walikuwa wengi pale Tech. Kwa hiyo asije mtu akawaambia vichwa vya watoto wetu haviwezi. Maoni yangu mimi, na mtu asininukuu kama mtaalamu, mtihani mmoja wa saa tatu kuamua maisha ya mtoto wa miaka kumi na tatu si haki sana. Ila wakati wakubwa wanagombana huko Albany, makao makuu ya jimbo, mwanangu ana darasa la nane mara moja tu. Nitafanya nini, nisubiri wamalize?

Nikupeni njia nilizopita. Jiji lina programu ya bure inaitwa DREAM, inawaandaa watoto wa kipato kidogo kwa ule mtihani, na inaanza mapema kabla ya darasa la nane, kwa hiyo wenye watoto wa darasa la sita ndio mnaohusika, msikae mkasema bado mdogo. Tech wenyewe wana programu ya watoto wa shule za kati, za kiangazi, wanawafundisha sayansi na hesabu mle mle kwenye jengo, na hiyo fedha nyingi inatoka kwa waliosoma pale zamani, maana wale wazee wa Tech wana umoja wao na wanachanga kwelikweli, sijaona mfano. Halafu kuna Discovery. Hiyo ni kwa mtoto wa familia ya kipato kidogo aliyekosa kwa maksi chache, anasoma kiangazi, akifaulu anaingia. Barua ya Discovery ikija msiitupe mkadhani ni ya kushindwa! Na kwa watoto waliokuja juzi ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga, wanaongezewa muda kwenye mtihani, ni haki yao, lakini lazima mwambie kaunsela wa shule mapema.

Sisi hatukuwa na hela ya tuisheni. Nilinunua kitabu kimoja cha mazoezi kilichotumika, majibu yameshaandikwa kwa penseli na mtoto wa mtu, tukafuta jioni nzima kwa raba mpaka vidole vinauma. Binti alipiga msuli miezi minne, maktaba ya mtaani Jumamosi, na mimi nikitoka zamu namkagua huku nasinzia. Hesabu nilikuwa sizielewi. Nilikuwa naangalia tu kama ukurasa umejaa.

Halafu kuna umbali. Kutoka hapa Bronx mpaka kule ni zaidi ya saa moja, treni namba 2 au 5, unavuka Manhattan yote. Anatoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, wakati wa baridi bado giza. Mwezi wa kwanza nilimsindikiza nikiwa nimetoka zamu, nimevaa bado ile nguo ya kazi, nalala kwenye treni yeye ananiamsha kituoni. Baadaye akaniambia mama usinisindikize tena, kwenye behewa la tatu tuko kumi na moja wa Tech. Wana behewa lao! Wanafanya homuweki humo, wanaulizana maswali, mmoja anapandia mwisho kabisa wa Bronx ndiye anayewashikia viti.

Na kama mnaona ni mbali sana kwa mtoto wa Bronx, nimalizie na mtu mmoja. Anaitwa Arno Penzias. Alizaliwa Munich, Ujerumani, 1933, Myahudi. Wazazi wake walimpandisha treni na mdogo wake 1939 wakimbilie Uingereza, yeye ana miaka sita anamshika mkono mdogo wake, wazazi wakafuata baadaye. Mwaka 1940 wakafika New York, wakimbizi. Kazi waliyopata ni ya usimamizi wa jengo, supa, hapa hapa Bronx, wakapewa chumba cha chini bila kodi. Mnaijua hiyo kazi, mzee pale kwenye kona anaifanya mwaka wa kumi na nne sasa, kutoa takataka, kuwasha boila, kugongewa mlango usiku wa manane kwamba maji hayatoki. Mama yake baadaye akaenda kushona makoti kiwandani. Huyo mtoto akasoma Brooklyn Tech, akamaliza 1951, kisha City College, bure vilevile enzi hizo.

Miaka ya 1960 alikuwa New Jersey na mwenzake Robert Wilson, wana antena kubwa mfano wa pembe, wanasikiliza anga. Wakawa wanapata muungurumo usioisha, kila upande wakiielekeza upo, mchana upo usiku upo. Wakakagua nyaya. Wakakuta njiwa wamejenga ndani ya antena wamejaza kinyesi, wakawaondoa, wakasugua kile kinyesi kwa mikono yao. Muungurumo upo. Kumbe ile ilikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu wenyewe, tangu ulipoanza kutanuka, imebaki inaelea kila mahali. Wakapewa Nobel ya fizikia 1978. Mtoto wa supa wa Bronx huyo, na sikwambii kwamba wako atapata Nobel, wako labda atatengeneza lifti kama wangu. Nasema tu treni ile ilikuwepo na alipanda.

Haya nimeongea sana, naona dada zangu wa jikoni wananipungia mwiko. Wenye watoto wa darasa la sita, la saba na la nane, binti yangu amekaa meza ile ya dirishani na laptopu, njooni na namba ya mwanafunzi ya mtoto, ipo kwenye ripoti yake ya shule, ni tarakimu tisa, atakufungulieni akaunti ya MySchools, ule mtandao wa jiji wa kuombea shule, kwa wale ambao hamna na atakuonyesheni ukurasa wa mtihani ulipo. Msimuulize habari za kuolewa, ana miaka kumi na saba. Na yule aliyeniuliza kama mtoto atapotea, dada yangu, naomba uwe wa kwanza kwenye foleni, sahani yako nitakushikia mimi.